Nazi, Chumvi na Tezi ya Shingo

Mara nyingi naulizwa na wazazi wa wanafunzi wangu, na hasa akina mama, juu ya tezi ya shingo. Mmoja huuliza kama ni kweli kwamba mafuta ya nazi huiponya. Mwingine huuliza kama majonzi yaweza kuiharibu. Wa tatu ameambiwa asionje kabichi tena maisha yake yote. Mimi si mganga, ni mwalimu. Lakini ni kazi ya mwalimu kutenganisha lililo kweli na lililosemwa tu, na tena jambo hili limeingia katika nyumba ya wazazi wangu. Kwa hiyo nimeona vyema niliandike kwa urefu kidogo, ili kila mmoja alipime mwenyewe.

Kwanza tuijue tezi yenyewe. Iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, imelikumbatia koo la pumzi kwa mabawa mawili, mfano wa kipepeo. Mtu mzima mwenye afya haioni wala haihisi. Kazi yake ni kutoa homoni, yaani maji ya amri yaendayo na damu mwili mzima, yakiuambia kila upande upesi gani uunguze chakula. Tezi ikilegea, moto wa mwili hufifia: mtu huchoka bila kazi, huona baridi wakati wenziwe wanatoka jasho, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, sauti hukwaruza, mwili hunenepa, na moyo hujaa huzuni. Tezi ikizidi, mambo hugeuka: moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, mtu hukonda ingawa anakula sana, na pengine macho hutokeza nje.

Juu ya tezi hii yuko msimamizi wake, ambaye ni tezi nyingine ndogo chini ya ubongo. Msimamizi huyu huipelekea amri. Akiona homoni imepungua katika damu, amri yake huongezeka, kama mzazi apazaye sauti akimwita mtoto asiyesikia. Ndiyo maana katika hospitali waganga hupima damu: amri ikiwa kubwa mno, wajua ya kuwa tezi ya shingo haitendi kazi yake.

Sasa, homoni hii haiwezi kufanyika bila kitu kiitwacho iodini, ambacho sisi katika nchi yetu twakiita madini joto. Kiasi chake ni kidogo cha kushangaza. Mtu mzima ahitaji sehemu 150 katika milioni moja ya gramu kwa siku. Mama mwenye mimba ahitaji 250. Ukijumlisha mahitaji ya mtu wa kawaida kwa miaka 70, hayafiki gramu 4. Walakini akikosa kiasi hicho kidogo, tezi hujitahidi kwa kutanuka, na huo uvimbe ndio rovu. Tena rovu ndilo linaloonekana. Lisiloonekana ni baya zaidi, maana mtoto aliye tumboni mwa mama aliyepungukiwa sana na madini joto aweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, au kiziwi, wala hakuna shule itakayomrudishia alichokosa.

Watu walichukua muda mrefu kulijua jambo hili. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois aliikuta iodini katika majivu ya mwani. Mwaka 1820 mganga Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuwapa wagonjwa wa rovu. Lakini ilipita miaka mia na zaidi hata nchi ya Uswisi, ambayo milima yake ilijaa watu wenye rovu, ikaanza kuitia katika chumvi ya kupikia, mwaka 1922. Huko Marekani, jimbo la Michigan likafuata mwaka 1924. Kwa nini chumvi? Kwa sababu tajiri na maskini wote hula chumvi, wala hapana aonjaye nyingi kwa siku moja na kuiacha siku ya pili.

Mimi nilizaliwa Pangani, kando ya bahari, lakini nimefundisha miaka mingi katika milima ya Njombe. Nilipofika nilishangaa kuona wazee wengi, na hasa wanawake, wenye shingo zilizovimba. Sababu yake si laana wala si maji ya chemchemi fulani, kama wengine walivyosema. Mvua za miaka elfu na elfu zimeiosha ardhi ya milimani, zikayachukua madini joto hata baharini. Mahindi na viazi vilivyoota katika ardhi hiyo havinayo ya kutosha. Katika miaka ya 1980 na 1990 watu wa wilaya zilizopatwa zaidi katika Tanzania walipewa vidonge vya mafuta yaliyochanganywa na madini joto, na katika miaka hiyo ya 1990 ikaagizwa kwa sheria kwamba chumvi itiwe madini hayo. Kenya ilikuwa imetangulia katika miaka ya 1970. Leo katika darasa langu ni shida kumwona mtoto mwenye rovu. Wazee wake ndio walio na alama, yeye hana. Na katikati yao palipita kijiko cha chumvi.

Angalieni sana neno moja hapo: vidonge vile vilikuwa vya mafuta. Yamkini wako waliosikia ya kwamba watu waliponywa rovu kwa mafuta, wakasahau kilichotiwa ndani yake. Mafuta yalikuwa chombo tu cha kuchukulia madini joto, kama mtungi uchukuavyo maji. Mwenye kiu hanywi mtungi.

Nayataja haya kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Yeye hakuondoka Pangani. Alipofiwa na mumewe, aliingia katika dhiki kubwa: deni la mashua, watoto watatu wa shule, na shamba la minazi lililogombewa na ndugu za marehemu. Alikuwa amekwisha kupimwa damu miaka miwili kabla ya hapo, akaambiwa ya kuwa tezi yake imelegea, naye alikuwa akimeza kidonge kimoja kila asubuhi. Ugonjwa wake haukuwa wa kukosa madini joto. Ni ule ulioelezwa na mganga wa Kijapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, ambao askari wa mwili, wanaopaswa kupigana na maradhi, huishambulia tezi ya mwenyewe na kuiharibu pole pole. Kidonge chake hakikuwa dawa ya kuiponya tezi. Kilikuwa ni homoni yenyewe, iliyotiwa mwilini mahali pa ile isiyofanyika tena.

Katika msiba ule akaja mtu wa kumfariji, akamwambia, "Vidonge hivi vitakuchosha. Tezi yako imechoka kwa majonzi. Acha vidonge, kunywa mafuta ya nazi vijiko vitatu kila siku, nayo itaamka." Dada yangu akakubali. Nani asingekubali? Nazi ni chakula chetu tangu utoto. Mama yetu alikuwa akikuna nazi mbili kila jioni, akikamua tui kwa kifumbu, na mafuta aliyachemsha mwenyewe, akitupaka kichwani na mwilini. Mtu akikuambia kwamba uzima wako umo ndani ya kitu hicho, ni kama akuambia kwamba mama yako bado anakutunza.

Majuma mawili ya kwanza aliniletea habari njema. Alisema ana nguvu, amelala usingizi, na vidonge havikuwa na maana. Nami nilimsikiliza kwa furaha na kwa hofu pamoja. Hata mwezi wa pili watoto wake wakaniandikia: mama hatoki kitandani kabla ya jua kupanda, uso umevimba, na anajifunika mablanketi mawili wakati wa joto la Pangani. Shule ilipofungwa nikashuka pwani.

Wasomaji, hapa ndipo penye fundisho, maana habari njema ya majuma yale mawili haikuwa uongo. Ilikuwa na sababu tatu, wala si moja kati yake iliyotokana na mafuta kuiamsha tezi.

Sababu ya kwanza ni kidonge chenyewe. Homoni ile haitoki mwilini mara moja. Ukiiacha leo, baada ya siku 7 hivi nusu yake ingali imo. Baada ya siku 14 robo ingali imo. Basi mtu aachaye kidonge huendelea kula akiba, naye hudhani ya kuwa hakihitaji. Akiba hukwisha baadaye, wakati alipokwisha kuisifu dawa nyingine.

Sababu ya pili ni kula. Tangu mazishi dada yangu alikuwa akinywa chai ya rangi tu, pengine na kipande cha muhogo. Vijiko vitatu vya kulia vya mafuta ni nguvu kubwa mwilini, kama ile ya sahani moja ya ugali. Tena kwa kuwa alikuwa akichemsha mafuta, alianza tena kupika: wali wa nazi, na samaki kidogo. Sasa yajulikana wazi ya kuwa mtu ashindaye na njaa, mwili wake hupunguza kwa makusudi ile homoni ya tezi yenye nguvu zaidi, ili akiba ya mwili isiishe upesi. Akila chakula cha kutosha, hupanda tena. Kwa hiyo kula kulimsaidia kweli. Lakini kungemsaidia vivyo hivyo kama angekula maharage, mayai au maziwa.

Sababu ya tatu ni watu. Yule aliyemletea ushauri ule alikaa naye kila jioni wakisubiri tui lichemke. Mwenye majonzi akipata mtu wa kukaa naye, huinuka. Mimi siwezi kumlaumu mtu yule kwa moyo wake, ingawa ushauri wake ulikuwa wa hatari.

Nilipomwamkia dada, aliitikia kwa sauti nzito iliyokwaruza kama ya mzee. Nikamwambia, "Dada, twende tukapime damu." Akanijibu, "Mwalimu, mdogo wangu, mimi sina ugonjwa. Nina msiba. Je, msiba nao hupimwa kwa damu?" Sikuwa na jibu la upesi, maana alisema jambo zito. Kulala sana, kulia, kuchoka, kutotaka kula, hizo ni alama za majonzi, na pia nyingi kati yake ni alama za tezi iliyolegea. Na dhiki yaweza kuigusa tezi: homoni ambazo mwili hutoa wakati wa hofu na shida, zikidumu kwa wingi, zaweza kupunguza ile amri itokayo chini ya ubongo. Tangu zamani waganga wameona pia kwamba ugonjwa wa tezi iliyozidi huwapata watu wengine baada ya mshituko mkubwa. Basi msiba na tezi huingiliana. Lakini ndiyo sababu hasa ya kupima: kwa kuwa jicho haliwezi kuzitenganisha, damu huzitenganisha.

Nikamwambia, "Msiba haupimwi, dada. Msiba tutakaa nao. Tukapime kile kinachopimika." Akanyamaza kitambo, kisha akaomba kanga yake, tukaenda. Amri ya yule msimamizi ilionekana imepanda mara nyingi kupita kiasi. Mganga hakumgombeza. Alimrudishia kidonge, akamwambia akimeze kwa maji matupu asubuhi kabla ya kula, angoje nusu saa au saa moja kabla ya chai, wala asikichanganye na vidonge vya damu vyenye chuma, kwa kuwa chuma huzuia kidonge kisiingie mwilini. Akamwambia arudi baada ya majuma sita. Polepole, kama ukuta unavyokauka baada ya masika, aliinuka. Majonzi hayakuondoka, lakini alipata nguvu za kuyachukua, na za kwenda barazani kutetea minazi ya watoto wake.

Sasa tuitendee nazi haki, maana wahenga walisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mafuta ya nazi ni chakula. Hayaharibiki upesi, yafaa kupikia, yafaa kwa ngozi iliyokauka, nayo ni mali kwa mama mwenye minazi. Lakini hayana madini joto ya kuhesabika. Wengine wakisoma katika vitabu vya elimu ya mafuta kwamba mafuta ya nazi yana "hesabu ya iodini" hudhani ni sifa yake, sivyo. Hesabu hiyo ni kipimo cha mafundi cha kujua aina ya mafuta, na hesabu ya nazi ni ndogo kuliko karibu mafuta yote ya kulia. Tena karibu sehemu 9 katika 10 za mafuta ya nazi ni za namna igandayo. Huku Njombe wakati wa baridi chupa niliyotoka nayo Pangani huwa nyeupe na ngumu kama samli. Mafuta ya namna hiyo huongeza katika damu lehemu ile iletayo maradhi ya moyo, na tezi iliyolegea nayo huiongeza lehemu hiyo hiyo. Basi mgonjwa wa tezi anywaye mafuta kwa vijiko na kuacha kidonge aujaza mzigo kwa mikono miwili. Tui katika mchuzi ni jambo moja. Kulifanya dawa ni jambo jingine.

Na kama nazi ingetosha kuilinda tezi, visiwa vya Unguja na Pemba vingekuwa na shingo nyembamba kuliko nchi zote. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha upungufu wa madini joto visiwani humo, na Pemba zaidi, ingawa watu wake wala nazi kila siku na bahari imewazunguka. Chumvi iliyokaushwa na wenyeji wenyewe haikutiwa madini joto. Hivyo hata sisi watu wa pwani tusijisifu kwa bahari yetu.

Juu ya kabichi na muhogo, maneno yamezidi kuliko ukweli, lakini ukweli upo. Mwaka 1928 huko Marekani sungura waliolishwa kabichi tupu walipata rovu. Mwanadamu hali kama sungura wa kifungoni. Sahani ya kabichi iliyopikwa haimdhuru mtu apataye madini joto. Muhogo mchungu wataka uangalifu zaidi. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, waganga waliochunguza tangu miaka ya 1960 waliona upande wa kaskazini rovu limeenea sana, na kusini-magharibi ni haba, ingawa pande zote mbili zilikosa madini joto. Muhogo ulioliwa kaskazini ulikuwa na sumu zaidi, na sumu hiyo ikiwa mwilini hugeuka kitu kinachoizuia tezi kupokea madini joto. Dawa yake bibi zetu waliijua: kumenya, kuloweka, kuanika vizuri, na kupika hata uive.

Wala mtu asidhani kwamba kikiwa kidogo ni chema, kingi ni chema zaidi. Katika pwani ya Hokkaido, nchi ya Japani, watu walipata rovu kwa kula mwani mwingi mno wenye iodini nyingi. Mwenye tezi iliyoshambuliwa kama ya dada yangu asijinunulie matone ya iodini bila shauri la mganga, maana yaweza kumzidishia.

Basi nifanye muhtasari kwa ajili ya nyumba zetu. Nunueni chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Iwekeni katika chombo chenye kifuniko, mbali na moshi, maji na jua, na itieni chakula kinapokaribia kuiva, kwa kuwa moto mrefu na unyevu huyapunguza madini. Kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima kwa siku kinatosha, wala msizidishe, kwa ajili ya shinikizo la damu. Kuleni samaki wa baharini, mayai na maziwa mnapoweza kuvipata. Mama mwenye mimba aangaliwe kuliko wote. Wakati wa msiba na dhiki, msimwache mtu ashinde na chai tupu. Mpikieni, kaeni naye, mwacheni alale. Na mtu aliyepewa kidonge cha tezi asikiache kwa neno la mtu ye yote, hata akijisikia mzima, mpaka damu imepimwa na mganga amesema.

Kila mlango una ufunguo wake. Njaa ina chakula, na majonzi yana watu wa kukaa nasi. Upungufu wa madini joto una chumvi. Tezi iliyoharibika ina kidonge. Nazi ina chungu chake, na humo inatutosha. Mkimwona jirani amefiwa, naye miezi imepita na mwili wake unazidi kuvimba na kupoa, msimletee chupa ya mafuta peke yake. Mshikeni mkono mwende naye kupima.